Kuwasha si kuponya: kapsaisini kwenye miguu ya mwenye kisukari

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 62, na kisukari kwa miaka 11. Usiku nyayo zinamwaka moto, halali. Tulimnunulia krimu ya kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, ya asilimia 0.075. Alipaka siku 4 akaiacha, kwani iliwasha na maumivu yakabaki palepale. Muuza mitishamba anasema tusage pilipili kichaa na mafuta ya nazi, tumpake, tumfunge nailoni hadi asubuhi, maana "dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi". Tujaribu?

JIBU: Marahaba. Msijaribu. Kama mmeshampaka, futeni sasa hivi kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha mmwoshe kwa sabuni na maji ya baridi. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta. Maji matupu hayaitoi, na maji ya moto yatamzidishia mwako. Mkiona malengelenge au ngozi imechubuka, afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hilo la "ikiwasha inafanya kazi" linaumiza watu wengi mno. Ncha za neva za maumivu zina kipokezi kiitwacho TRPV1, kilichotambuliwa mwaka 1997 na maabara ya mwanasayansi David Julius huko Marekani, kazi iliyochangia yeye kupata Nobel ya 2021. Hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Kapsaisini hukifungua bila joto lolote, kwa hiyo ubongo hupewa habari ya moto usiokuwepo. Kalisiamu humiminika ndani ya neva, na dawa ikirudiwa vya kutosha ncha ile huzimika kwa muda. Nafuu hutoka kwenye kuzimika huko. Ngozi ikitiwa ganzi kwanza ili mgonjwa asiungue sana, nafuu huja vilevile. Basi ukali wa mwako hauwezi kuwa kipimo cha tiba.

Mama hakushindwa na krimu hafifu; aliiacha kabla ya wakati wake. Hupakwa mara 3 hadi 4 kila siku, tabaka jembamba, ikasuguliwa mpaka ipotee. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Anayepaka leo akaruka kesho huanza na mwako upya kila mara. Asipake karibu na kuoga maji ya moto, asifunge kitu juu yake, wala asiguse mipasuko ya kisigino. Anayempaka avae glavu au anawe kwa sabuni mara amalizapo.

Kabla ya kuirudia, afumbe macho, nawe uguse taratibu, kwa sekunde 1 au 2, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo 6, mguu umo hatarini na aonwe kliniki kwanza. Mguu wa kisukari huweza kuwaka usiku na bado usihisi msumari. Mkiufunga pilipili, ngozi inaweza kuharibika bila yeye kujua, na kidonda cha hapo hakiponi upesi. Aulizie pia dawa za kumeza za maumivu ya neva, kama amitriptilini au gabapentini, na sukari yake ipimwe.

Wauzaji hupenda kusema hata ng'ambo wanatumia plasta ya kapsaisini ya asilimia 8. Ni kweli, Marekani iliruhusu plasta hiyo kwa miguu ya kisukari mwaka 2020. Lakini hubandikwa na mhudumu wa afya mwenye glavu za nitrili, kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa dakika 30 tu, huku shinikizo la damu likiangaliwa, na hairudiwi kabla ya miezi 3. Gramu ya krimu ya mama ina miligramu 0.75 za kapsaisini. Bakuli la pilipili za kusaga lina kiasi gani? Hakuna ajuaye, hata aliyezisaga, kwa sababu pilipili za shamba moja hazilingani ukali.

Balaa hili limefika mpaka kwa wenye mkanda wa jeshi, wanaopakwa pilipili malengelenge yakiwa bado mabichi. Kapsaisini ni ya maumivu yanayobaki baada ya ngozi kupona kabisa. Mwenye upele mpya anahitaji asiklovia, dawa ya kupambana na virusi, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee, saa zilezile anazozimaliza nyumbani akisubiri pilipili "ivute sumu".