Mkubwa kwa Kazi Chache? Jibu Langu kuhusu Joanna Boyce Wells

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama mchoraji aliyefariki kijana, akaacha kazi za kuhesabika, anaweza kuwekwa katika safu ya wachoraji wakubwa. Nimefundisha sanaa katika shule ya sekondari mkoani Tanga kwa muda mrefu, na swali lenu limenigusa pabaya, kwa sababu kila linapozuka tunaletewa majina ya wanaume waliouawa na kifua kikuu au vita, huku wanawake waliouawa na uzazi wakiachwa makaburini mwao. Jibu langu ni ndiyo, na ninayemtaja ni Joanna Boyce, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Joanna Wells.

Alizaliwa London mwaka 1831. Baba yake alimuunga mkono mapema, na kaka yake, George Price Boyce, naye alikuwa mchoraji. Wakati wa ujana wake shule za Royal Academy, chuo kikuu cha sanaa cha Uingereza chenye maonyesho yake ya kila mwaka, hazikupokea wanawake. Mlango ulifunguliwa mwaka 1860 tu, baada ya Laura Herford kupeleka michoro yake akiwa ameandika herufi za mwanzo za jina lake, wakubwa wasijue kuwa ni mwanamke. Kwa hiyo Joanna alisoma katika shule za watu binafsi, kisha mwaka 1855 akaenda Paris kusoma kwa mchoraji Thomas Couture. Mwaka huohuo picha yake iitwayo Elgiva ilitundikwa katika maonyesho ya Royal Academy, na John Ruskin, mhakiki ambaye neno lake liliweza kumjenga au kumbomoa mchoraji, akaisifu kwa maandishi. Joanna mwenyewe aliandika uhakiki wa sanaa katika gazeti la Saturday Review. Mwishoni mwa mwaka 1857 aliolewa mjini Rome na mchoraji Henry Tanworth Wells, na Julai 1861, baada ya kujifungua mtoto wa tatu, alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Picha yake ya Gretchen, ambayo sasa iko Tate, jumba la makumbusho ya sanaa la Uingereza, haikumalizika. Kazi zake nyingine kadhaa ziliteketea kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo uchache huo hautokani na uvivu wala upungufu wa mawazo.

Picha ninayoishikilia ni ndogo kuliko daftari la mwanafunzi, takriban sentimita 17 kwa 14, ya rangi za mafuta juu ya karatasi, na imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Aliichora mwaka 1861, mwaka wa kifo chake. Ni sura ya Fanny Eaton, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1835 na mama aliyepata kuwa mtumwa, akaletwa London akiwa mdogo, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu, akaolewa na mwendesha gari la farasi la kukodi, akazaa watoto kumi. Madaftari ya Royal Academy yanaonyesha kuwa Julai 1860 alilipwa shilingi 15 kwa vikao vitatu vya kukaa achorwe. Joanna alimchora akiwa amegeuza uso upande, nywele zimevutwa nyuma na kupambwa, kipuli kikining'inia sikioni, na ngozi yake imefanyiwa kazi kwa subira ambayo wachoraji wengi wa enzi ile hawakuwapa watu weusi. Dante Gabriel Rossetti, mchoraji maarufu wa Kiingereza wa enzi hiyo, alimweka Fanny huyohuyo nyuma, nyuso za wengine zikimziba, katika picha yake ya bibi harusi ya mwaka 1865 na 1866. Kwa Joanna hakuna mwingine katika picha.

Nakala ya picha hiyo niliibandika ukutani darasani, kwa ukubwa uleule wa halisi, ili wanafunzi wasogee karibu. Siku moja binti mmoja wa kidato cha pili aliitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, alipokuwa anakaa hapo, watoto alimwachia nani?" Sikuwa na jibu, na darasa likazuka mabishano. Mwishowe waliamua kwamba na wao watamchora mtu anayefanya kazi, wakaenda jikoni kumwomba mama mpishi wa shule. Walimkuta anakoroga sufuria la maharage, kanga moja kiunoni na nyingine begani, masizi kwenye mikono. Wakamwamkia, wakamweleza, na yule binti akamsihi akae vilevile alivyo, na mwiko wake mkononi, kwa sababu huo ndio ukweli. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Wanangu, maharage mnayaona kila siku. Mkitaka kunichora, mnichore kama mtu anayekwenda harusini." Akaenda kwake, jirani tu na uzio wa shule, na sisi tukangoja. Aliporudi alikuwa amevaa doti mpya iliyokuwa bado na harufu ya dukani, amenawa, amejipaka wanja, na masikioni ana vipuli vya dada yake alivyoazima kwa ajili yetu. Alikaa kwenye kiti changu chini ya mwembe, kimya, mgongo umenyooka, akakataa kabisa kucheka. Yule binti alichora huku amenuna, akiona ametapeliwa. Michoro ilipokamilika, mama aliipitia mmoja baada ya mwingine, akachagua wa binti huyo, akauomba, akauchukua nyumbani.

Nimeileta habari hii kwa sababu inahusu lawama ambayo mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuiandika hapa: kwamba Joanna alimvisha mfanyakazi wa ndani mapambo ya nabii au malkia wa kale, kwani picha hii ndogo ilikuwa maandalizi ya kazi kubwa ya aina hiyo, na hivyo akayaficha maisha yake ya kweli. Bado naona lawama hiyo ina uzito. Fanny hakuchagua vazi, na kwa miaka mingi picha ilijulikana kwa jina lililomtaja kwa mchanganyiko wa damu yake. Mama mpishi alichagua, na alirudi nyumbani na mchoro. Lakini nikikumbuka alivyokaa, nashindwa kusema kwamba vipuli vya kuazima vilimpunguzia ukweli, na siwezi kumhukumu Joanna kwa ukali niliokuwa nao nilipoanza kuandika.

Kuhusu swali lenu lenyewe, naona sasa kwamba neno "mkubwa" nimelitoa haraka mno. Elgiva ni kazi ya kijana mwenye kipaji, Gretchen haikufika mwisho, na sisi hatuwezi kumpa mtu alama za picha ambazo hakuishi kuzichora. Joanna sitamweka katika safu mnayoiulizia, labda zikipatikana kazi nyingine nitafikiri upya. Ila ile sura ya sentimita 17 naiweka mbele ya kazi nyingi za wanaume waliomo katika safu hiyo, na ningependa kibandiko chake kiwe na majina mawili kwa herufi za ukubwa mmoja: Joanna Wells na Fanny Eaton.