Dirisha la Mfamasia: Sifa ya Pangani na dripu ya Massachusetts

SWALI: Mwanangu mfamasia, mimi ni bibi wa hapa Pangani, na marehemu mume wangu alikuwa nahodha wa mashua. Binti yangu anaishi Massachusetts, Marekani. Alijifungua mtoto wa kiume ambaye matumbo yalikuwa nje, kando ya kitovu, na sehemu kubwa ikabidi ikatwe. Sasa ana miezi mitatu na nusu, na chakula chote anapewa kwa mpira ulioingizwa kwenye mshipa wa kifuani. Kwenye video naona macho yamekuwa manjano kama kiini cha yai. Binti yangu anasema kinachoumia sasa ni ini. Juzi madaktari wamesema wanaondoa mafuta ya soya kwenye dripu, wanaweka ya samaki. Huku kwetu mafuta ya samaki ndiyo tunayoyaita sifa, ya kupaka chombo. Ni kweli yanaingia kwenye damu? Tena ninayo chupa safi ya mafuta ya ini la papa, na kuna jirani anasafiri kwenda huko. Nimpe ampelekee? (Bibi, Pangani)

JIBU: Shikamoo Bibi, na pole kwa kumuuguza mjukuu kwa simu. Naanza na la mwisho kwa sababu jirani huenda keshafunga begi: chupa ibaki Pangani.

Mimi ni mtoto wa Tanga, sifa naijua kwa pua. Babu alikuwa akitoka kuipaka ngalawa yake, bibi hamfungulii mlango mpaka akaoge. Kwa hiyo siku ya kwanza niliposhika dawa hii, kwenye famasia ya hospitali moja Muscat nilikofanya kazi miaka 19, niliinusa chupa kabla ya kusoma maandishi yake. Haikunuka chochote. Ndani mlikuwa na kitu cheupe pepepe, ungeapa ni tui zito.

Na kwa kweli ni ndugu wa tui. Ukikamua nazi unapata mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, matone madogo madogo, na ukiliacha tui mezani yanapanda juu na kujitenga. Dawa ya mshipani nayo ni mafuta ndani ya maji, ila yamepigwa kiwandani mpaka kila tone ni dogo kuliko chembe nyekundu ya damu, kisha yakashikizwa kwa mafuta maalumu ya kiini cha yai ili yasikamatane tena. Yakikamatana, sisi tunasema dawa imekatika, na inamwagwa hata kama imegharimu kiasi gani. Matone makubwa yakiingia kwenye damu huenda kuziba mishipa midogo ya mapafu. Ndiyo maana kwenye mpira wa dripu kuna chujio lenye matundu ya maikroni 1.2, tundu ambalo jicho haliwezi kuliona. Sifa ya chupa, hata ichujwe kwa kanga mara kumi, haifiki hapo.

Sasa hilo ini. Kwanza, manjano hayo si homa ya manjano inayoletwa na mbu, majirani wasikutishe. Ni nyongo iliyokwama. Mtoto asiyekula kwa mdomo, nyongo yake haiitwi kufanya kazi, inatuama. Juu ya hapo kuna mafuta ya soya. Nisiyatukane, maana yameokoa watu wengi. Kabla yake Wamarekani walijaribu mafuta ya mbegu za pamba na wakayaacha kwa jinsi yalivyodhuru wagonjwa. Mnamo 1962, Arvid Wretlind wa Sweden ndiye aliyeleta Intralipid, mafuta ya soya na kiini cha yai. Miaka 6 baadaye Douglas Wilmore na Stanley Dudrick wa Philadelphia walichapisha habari za mtoto wa kike, aliyezaliwa karibu bila utumbo unaopitisha chakula, ambaye alikua kwa kulishwa kupitia mshipa tu. Kabla ya hapo mtoto kama mjukuu wako alikuwa anafia njaa mbele ya mama yake.

Tatizo la soya ni kwamba mmea una mafuta yake ya nta yanayofanana na kolesteroli. Wewe na mimi tukila soya, utumbo hukaa mlangoni kama bawabu: karibu yote huyarudisha nje. Kwenye dripu hakuna bawabu. Yote yanaingia kwenye damu na ini linayapokea, na kwa mtoto mchanga ini hilo ni changa nalo. Yanachangia kuizuia nyongo isitoke. Tena mafuta ya soya yamejaa omega-6, aina ya mafuta ambayo mwili huigeuza kuwa vichochezi vya uvimbe. Mafuta ya samaki karibu hayana hiyo nta ya mimea, yana omega-3 nyingi, aina nyingine isiyochochea uvimbe hivyo, na vitamini E ya kulinda ini imo.

Waliolisukuma jambo hili ni daktari wa upasuaji Mark Puder na mfamasia Kathleen Gura wa hospitali ya watoto ya Boston, huko huko Massachusetts. (Mfamasia, Bibi! Niruhusu nijivune kidogo kwa niaba ya kazi yetu.) Dawa yenyewe, Omegaven, ilikuwa inatumika Ulaya, Marekani haikuwa na kibali, ikawa wanaomba ruhusa ya pekee kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2006 walichapisha habari za watoto wachanga wawili ambao nyongo ilifunguka baada ya kubadilishiwa mafuta. Kibali cha Marekani kilitoka Julai 2018, kwa watoto hasa wenye nyongo iliyokwama kwa sababu ya chakula cha mshipa. Kwa hiyo mjukuu wako hafanyiwi majaribio. Dozi yake ni gramu 1 ya mafuta kwa kila kilo ya mtoto kwa siku.

Nisikupakie rangi, hata hivyo. Mafuta haya hayarefushi utumbo. Yanalinunulia ini muda wakati utumbo uliobaki unajifunza kazi. Wapo pia wataalamu wanaosema sehemu ya nafuu inatokana na dozi kuwa ndogo, kwa kuwa soya ilizoeleka kutolewa mpaka gramu 3 kwa kilo, na hoja hiyo ina uzito. Na manjano yakiondoka machoni, makovu ndani ya ini yanaweza kubaki, hivyo wataendelea kumpima damu. Manjano yenyewe hayaondoki kwa siku mbili tatu. Hesabu wiki, pengine miezi, usimpigie binti yako kila asubuhi umwambie "hebu nionyeshe macho".

Mpigie umwambie haya. Awaulize madaktari kama mtoto anaweza kupewa maziwa kidogo kwa mdomo au kwa mpira wa tumboni, hata mililita chache, maana hayo ndiyo yanayoiamsha nyongo. Kama kwenye familia kuna anayevimba akila samaki au mayai, awaambie. Na siku mtoto atakaporuhusiwa kwenda nyumbani na mpira wake kifuani, akipata homa wasisubiri kupambazuke, ni hospitali usiku uleule, kwa sababu mpira ule ni njia ya wadudu kuingia moja kwa moja kwenye damu.

Na chupa ya papa, hata kwa mdomo usithubutu. Ini la papa limejaa vitamini A, na vitamini A ikizidi huliumiza ini, ndilo hilo hilo tunalohangaika nalo. Kama unataka jirani abebe kitu, mpe kanga mbili. Mtoto wa dripu anabebwa sana, na binti yako atakuwa amechoka mikono.

SWALI: Nina ugonjwa wa Crohn, ule uvimbe wa utumbo usiokwisha, nipo Muscat, mwaka wa nne. Natumia vidonge vya mafuta ya samaki ili utumbo usichachamae. Je, nifike vingapi kwa siku? (Msomaji wa kiume)

JIBU: Ndugu yangu, usiongeze. Hilo lilipimwa vizuri katika tafiti mbili zilizotoka pamoja mwaka 2008, wagonjwa wa Crohn zaidi ya 700, nusu wakila gramu 4 za omega-3 kila siku na nusu vidonge visivyo na omega-3, kwa muda wa hadi wiki 58. Ugonjwa uliwarudia karibu sawa. Anayefaidika na mafuta haya kwa mshipa, kama mjukuu wa Bibi hapo juu, anatibiwa ini, na kwa sababu chakula chake hakipiti tumboni. Wewe unakula. Kama daktari wako alikuandikia dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi ukaipunguza ukitegemea vidonge hivi, rudi kwake wiki hii, na umwambie kweli ni dozi ngapi umeziruka. Nguru na jodari endelea kula kama tumbo linakubali.