Kabla ya Kupima Sumaku ya Anga, Kijue Chombo Chako

Nilipoanza kuwafundisha vijana hapa Unguja kupima uga wa sumaku (nguvu ya sumaku iliyotanda mahali) kwa simu, niliandika tarakimu za wiki mbili nzima kabla ya kugundua kwamba kifuniko cha simu yangu kilikuwa na kifungo cha sumaku. Uga wa dunia visiwani kwetu ni mikrotesla (kizio cha nguvu ya uga) thelathini na kitu; mimi nilikuwa nikisoma zaidi ya mia. Tangu hapo, kila anayeniuliza kuhusu upimaji wa sumaku baina ya sayari mimi humwambia ajue kwanza chombo chake kinaongeza nini.

Kule angani jambo hili ni zito zaidi. Uga unaobebwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, ukifika kwenye umbali wa dunia yetu, huwa nanotesla 5 hivi (nanotesla elfu moja ni mikrotesla moja), dhaifu mara elfu kadhaa kuliko huu tunaoishi ndani yake, na nyaya na mota za chombo zinaweza kuufunika kabisa. Ndiyo maana vyombo vya anga vya Marekani, Voyager 1 na Voyager 2, vilivyorushwa mwaka 1977, vilipewa kila kimoja mlingoti wa mita 13 wenye magnetomita (vipimasumaku) mbili, moja nchani na nyingine karibu zaidi na chombo. Sumaku ya chombo hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali nacho, ilhali ya anga ni ile ile pote pawili, kwa hiyo tofauti ya vipimo hivyo hufichua kilicho cha chombo. (Nahodha naye haweki spika karibu na dira.)

Lijaribu hili mlangoni. Katika mlango mmoja wa Mji Mkongwe, njumu za shaba hazikuitikisa simu hata kidogo, lakini nilipoisogeza kwenye kufuli la chuma tarakimu ziliruka, na nilipopiga hatua moja nyuma zikatulia.

Kisha igeuze simu. Tafuta programu inayoonesha tarakimu ghafi, ambazo simu haijazisahihisha, ilaze simu juu ya meza ya mbao, soma mhimili mmoja ulio sambamba na meza (x au y), izungushe nusu duara palepale, usome tena. Uga hubadili alama, kosa la sufuri, yaani tarakimu ambayo chombo huonesha hata pasipo uga, halibadiliki. Jumlisha vipimo viwili, gawa kwa 2, na kosa lenyewe ndilo hilo. Voyager 1 nacho kimekuwa kikiamriwa kujizungusha kwa kazi hiyo hiyo, na kilipouvuka mpaka wa upepo wa jua mwezi Agosti 2012 kilikuta uga usiofika hata nanotesla 1, ambao kosa la sufuri la nusu nanotesla lingetosha kuupotosha.