Majibu kwa Wasomaji: Siku za Mwanzo Ndani ya Meli ya Utalii

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumelipia safari ya siku saba katika meli ya utalii, nasi hatujawahi kulala baharini hata usiku mmoja. Rafiki zetu waliotutangulia wanasema siku mbili za mwanzo ziliwapotea bure: walizunguka wakitafuta chumba chao, masanduku yao yalichelewa, mmoja wao alitapika hadi siku ya tatu, na walipoanza kustarehe safari ilikuwa imekaribia nusu. Sisi tulichagua chumba cha sitaha ya juu, upande wa mbele kabisa, kwa kuwa tulipenda mandhari. Tufanye nini ili hayo yasitukute?
Msomaji anayesafiri kwa mara ya kwanza

JIBU: Dada msomaji, rafiki zako hawakutia chumvi, ila nadhani walijitakia sehemu ya taabu ile kwa kutaka kuijua meli nzima kwa jioni moja. Meli hizi zimekuwa miji inayoelea. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina sitaha 20 na urefu unaokaribia mita 365. Hakuna anayeimaliza meli ya namna hiyo siku ya kwanza, wala hakuna sababu ya kujaribu. Siku hiyo jifunzeni mambo mawili tu: njia ya kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura, na njia ya kutoka chumbani hadi mahali pa kulia. Katika meli nyingi namba ya chumba huanza na namba ya sitaha, kwa hiyo mkishajua kama mko mbele, katikati au nyuma, mkachagua ngazi moja na kuitumia hiyohiyo kila mara, kupotea kutapungua kabla ya usiku kuingia.

Kuhusu masanduku, mtayakabidhi kwa wapagazi bandarini, nao watayafikisha mlangoni pa chumba chenu baada ya saa kadhaa, pengine baada ya chakula cha jioni. Si kwamba yamepotea. Ni kwamba yako maelfu, na yote hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi. Basi pasipoti, dawa, miwani, chaja na nguo za kubadilisha ziwe katika mfuko wa mkononi ambao hamtauachia. Pasi ya nguo, birika la umeme na mishumaa viacheni nyumbani, kwa sababu moto ndio adui anayeogopwa kuliko wote ndani ya chombo kilicho mbali na nchi kavu, na sanduku lenye vitu hivyo huzuiliwa mpaka mwenyewe aitwe aje kulifungua.

Kabla ya meli kung'oa nanga mtatakiwa kushiriki zoezi la usalama, na hapa naomba nikae kidogo, maana nimewaona abiria wakilikwepa kana kwamba ni hotuba ya kuwachosha. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa ufupisho wa SOLAS, ulitungwa mara ya kwanza mwaka 1914 kutokana na kuzama kwa Titanic mwezi Aprili 1912. Hata hivyo, karibu karne nzima baadaye, kanuni bado ziliruhusu zoezi la abiria lifanyike ndani ya saa 24 tangu abiria wapande. Tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia na watu 32 wakafa, mamia ya abiria waliopanda jioni ileile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi lolote. Kanuni ikabadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Katika baadhi ya meli mtaangalia maelezo kwenye televisheni ya chumbani au kwenye simu, kisha mtakwenda wenyewe kituoni ili mwandikwe kwamba mmefika. Katika nyingine watu wote huitwa kwa pamoja. Vyovyote iwavyo, ishara ya dharura ni ileile: milio saba au zaidi mifupi, ikifuatiwa na mmoja mrefu. Mkirudi chumbani, fungueni kabati muone jaketi za kujiokolea ziko wapi, kisha endeleeni na starehe zenu.

Sasa nije kwenye kutapika, ambako ndiko kwenye neno zito zaidi katika barua yako. Sikio la ndani huhisi chombo kikipanda na kushuka, ilhali macho yaliyo ndani ya chumba yanaona kuta zimetulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na matokeo yake ni jasho jembamba, kichefuchefu na hatimaye matapishi. Kwa watu wengi mwili huzoea baada ya siku mbili au tatu, na ndiyo maana rafiki yenu alipona siku ya tatu. Meli za leo zina mabawa ya kusawazisha yanayochomoza ubavuni chini ya maji, nayo hupunguza sana kwenda mrama, yaani kule kuyumba upande kwa upande. Lakini mabawa hayo hayawezi kuizuia omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, isipande na kushuka mawimbi yanapotoka mbele, na chumba mlichokichagua kiko hapo hapo, tena juu, ambako kila mtikiso huongezeka. Wazee wetu walisema tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, na ngama ni sehemu yake ya chini, ndani), wakiwa na maana yao nyingine. Abiria mwenye tumbo jepesi anaweza kuichukua methali hiyo jinsi ilivyo, kwa sababu sehemu iliyotulia kuliko zote ni ya katikati, katika sitaha za chini. Kama safari bado iko mbali, mpigieni simu wakala wenu mkaulize kama kuna uwezekano wa kubadilishiwa chumba. Mkishapanda mnaweza kuuliza mapokezi, ingawa mara nyingi vyumba huwa vimejaa.

Kama haiwezekani, dawa zipo. Meclizine na dimenhydrinate hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla ya kichefuchefu kuanza, kwa hiyo msisubiri mpaka mtu ashike ndoo. Huleta usingizi, hazichanganywi na pombe, na mjamzito, au mwenye shinikizo la jicho au tatizo la tezi dume, azungumze kwanza na daktari au mfamasia wake. Zaidi ya dawa, nendeni sitaha ya wazi iliyo katikati, mkatazame mstari wa upeo wa macho, ili jicho lishuhudie mwendo uleule ambao sikio linauhisi. Kuleni kidogo kidogo, maana tumbo tupu huchafuka kama lilivyo tumbo lililoshindiliwa, na wekeni simu na kitabu kando mpaka hali itulie. Iwapo siku yenu ya pili ni ya baharini tupu, msiijaze shughuli. Ni siku ya mwili kujifunza kutembea upya, na nawahakikishia kwamba atakayelala mchana siku hiyo hatakuwa amepoteza kitu.

SWALI: Nimeambiwa kwamba ndani ya meli hakuna anayelipa kwa fedha taslimu. Je, nitajuaje kiasi ninachotumia? Na simu yangu itafanya kazi?
Baba wa watoto watatu

JIBU: Bwana msomaji, utapewa kadi moja inayofungua mlango, inayokutambulisha unapotoka na kuingia, na inayolipia kila kitu kwa kuunganishwa na kadi yako ya benki au na fedha utakazoweka mapokezi. Urahisi huo ndio hatari yake, hasa kwa baba aliyewapa watoto watatu kadi zao. Unaweza kuomba kadi za watoto zizuiwe kununua, au ziwekewe kikomo. Katika kampuni nyingi bahashishi za wahudumu nazo huongezwa kwenye hesabu kila siku kwa kila mtu, watoto wakiwamo. Omba hesabu yako usiku wa pili, wakati bado kuna nafasi ya kujirekebisha na kusahihisha makosa, badala ya kuisubiri asubuhi ya kushuka, ambapo foleni ya mapokezi hupinda kona. Simu iweke katika hali ya ndegeni kabla ya meli kuondoka bandarini, kwani ikijiunga na mtandao wa meli unaopitia setilaiti, gharama yake huwa kubwa mno na mara nyingi haimo katika vifurushi vya kawaida. Ukihitaji intaneti, nunua ya meli kwa makusudi.

SWALI: Ninasafiri peke yangu, nami nimepangiwa meza ya watu wanane nisiowajua. Ni utovu wa adabu kuomba kuhamishwa?
Mjane mstaafu

JIBU: Hapana, mama, si utovu wa adabu hata kidogo, maombi ya namna hiyo hupokelewa kila safari. Nakusihi tu ukae nao usiku wa kwanza, kwa maana wanane hao huenda nao wanaogopana. Ukiona mazungumzo hayaendi, mfuate msimamizi wa ukumbi siku inayofuata mapema, kabla meza hazijazoeleka, kwa sababu kuanzia usiku wa tatu kuhama huanza kuonekana kama kususa.

SWALI: Kwa nini watu wanasisitiza nivae saa ya mkononi? Simu haitoshi?
Msomaji

JIBU: Simu hujibadilisha yenyewe ikikamata mtandao wa nchi mliyofika, ilhali meli huenda imeamua kubaki na saa yake. Tofauti ya saa moja inatosha kukuacha gatini ukitazama tezi ikiondoka, kwani abiria aliyeshuka kivyake hasubiriwi, na gharama za kuifuata meli hadi bandari nyingine ni zake mwenyewe. Iweke saa ya mkononi sawa na ya meli siku ya kwanza, uibadilishe tu utakapotangaziwa, na kabla ya kushuka soma muda wa mwisho wa kurejea ulioandikwa penye mlango wa kutokea. Muda huo hutangulia ule wa kuondoka, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi.