Kabla Hujampigia Fundi, Soma Anwani

Nilipohamia Kimara, fundi wa faiba alitundika kiboksi chake sebuleni, akasubiri taa ziwake kijani, akaenda zake. Wi-Fi ya kiboksi hicho haikuvuka ukuta wa jikoni, basi nikanunua ruta Kariakoo na kuiunganisha mwenyewe. Simu ikashika Wi-Fi vizuri tu, ila hakuna kilichofunguka. Nikapiga huduma kwa wateja, nikawekewa muziki. Muziki ule ndio ulionipa muda wa kuichungulia ruta kwa nyuma.

Ilikuwa na matundu matano: manne ya njano na moja la bluu, limejitenga, limeandikwa WAN, yaani upande wa mtandao unaotoka nje. Waya wa kutoka kwenye kiboksi huingia hapo. Mimi niliuchomeka kwenye njano. Nikauhamisha, nikakata simu kwa mbwembwe, na mtandao bado haukuja.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma anwani, yaani zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kwenye kivinjari cha simu niliandika 192.168.1.1, nikaingiza nenosiri lililobandikwa chini ya ruta, nikafungua ukurasa wa hali ya mtandao. Upande wa WAN kiboksi kilikuwa kimeipa ruta 192.168.1.7. Upande wa ndani ruta ilijiita 192.168.1.1, na kiboksi nacho kinajiita hivyohivyo! Ni mitaa miwili yenye jina moja. Bodaboda hajui aende upi. Ruta nyingine huugundua mgongano huu na kujibadilisha zenyewe. Yangu wala. Nikaibadilisha ya ndani iwe 192.168.10.1, nikahifadhi. Ukurasa hukatika hapo, usishtuke: unganisha Wi-Fi upya, uingie kwa anwani mpya. Simu ikafunguka.

Kompyuta ikagoma.

Ni ya ofisini, ya Windows. Nilifungua kile kidirisha cheusi cha cmd, nikaandika ipconfig. Ingeonyesha namba inayoanza na 192.168.10, ningejua imepewa anwani na ruta. Ingeanza na 169.254, maana yake imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo ukague waya au Wi-Fi. Yangu ilianza na 10.20, anwani ya ofisini, imekazwa kwa mkono tangu siku niliyokabidhiwa. Ingewezaje kuongea na ruta ya Kimara?

Tiba yake ni fupi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye Wi-Fi, ingia Properties, halafu Internet Protocol Version 4, chagua ipate anwani yenyewe. Fanya hivyo na kwa DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kisha rudi kwenye kidirisha cheusi, andika ping 8.8.8.8, yaani kubisha hodi kwenye kompyuta ya Google iliyo mtandaoni: ikijibu huku tovuti hazifunguki, njia ipo, tatizo ni DNS.

Ila kabla hujafuta zile namba za zamani, zipige picha. Mimi sikupiga, na Jumatatu asubuhi nilisimama mezani kwa kijana wa IT nikimweleza kwa nini kompyuta yangu haioni printa.