Kupiga Hema Kando ya Malagarasi: Ichunguze Ardhi Kabla ya Kushusha Mizigo

Baada ya Uvinza, Mto Malagarasi huanza kupenya kati ya vilima kuelekea Ziwa Tanganyika, ukipita kwenye mikondo mikali na maporomoko ya Igamba. Katika sehemu hiyo upo uwanja mdogo kando ya maji, unaotosha mahema manne au matano, ambao nimekuwa nikiutembelea na ndugu zangu karibu kila mwaka. Hakuna duka, hakuna mtandao wa simu, na gari hubaki mbali, kwa hiyo ukikosea kuchagua mahali pa kulala, giza likishaingia huna namna ya kurekebisha.

Mara ya kwanza tulifika mwanzoni mwa Novemba, na mimi ndiye niliyechagua mchanga mweupe uliokuwa kwenye mdomo wa korongo kavu, kwa kuwa ulikuwa laini na tambarare kuliko sehemu nyingine yoyote. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu zake alitusalimu, akalitazama hema letu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mchanga huu uliletwa hapa na nani?” Nilipokosa jibu alituonyesha nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi ya mti, usawa wa kifua changu, nasi tukahamisha kila kitu kabla ya magharibi. Usiku ule mvua ilinyesha vilimani, kwetu haikudondoka hata tone, na kabla ya alfajiri maji ya matope yalikuwa yakinguruma palepale tulipokuwa tumetandika mikeka.

Tangu hapo nimejifunza kutofautisha mto na korongo. Malagarasi wenyewe hupanda polepole, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake hupita kwanza katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,500 lililoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, ambalo huyapokea mafuriko na kuyaachia kidogo kidogo. Korongo halina kizuizi cha namna hiyo, na mvua kubwa ikipiga mlimani hushuka yote kwa pamoja. Tafuta alama ya juu kabisa ya takataka zilizoachwa na maji, kisha upige hema juu zaidi ya hapo, hata kama udongo ni mgumu na vigingi vinakataa kuingia.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi na hurudi kabla ya jua kuchomoza, mara nyingi kwa njia ileile, na ni hatari sana kwa yeyote anayejikuta kati yake na maji. Njia yake mara nyingi huwa na mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati, na kwenye vichaka vya pembeni utaona kinyesi kilichotapanywa. Ukiiona, usisogee hatua kumi tu ukajiona umekwepa. Hama kabisa upande ule. Maji ya kupikia tunayachota mchana kwa ndoo yenye kamba ndefu, tukiwa juu ya mwamba, wala haturudii mahali pamoja siku mbili mfululizo, kwa maana mamba huyasoma mazoea ya watu. Kuoga mtoni sikushauri kamwe, kwa sababu ya mamba hao na kwa sababu ya kichocho.

Mbung'o wa miombo hawakwepeki kabisa, lakini huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, hivyo hema na nguo za kaki zinafaa zaidi.

Kabla ya kuingia porini, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, ujitambulishe, umweleze idadi yenu na siku ya kurudi, na umwombe kijana anayeujua mto awasindikize kwa malipo mtakayokubaliana. Sisi humwachia pia namba ya simu ya nyumbani Kigoma, na tukitoka tunampitia tena kumuaga, ili asije akatuma watu kututafuta mtoni ilhali tumekwisha kufika Uvinza tunanunua chumvi.