Kabla hujasema "chuma anacho cha kutosha"

Mwaka wangu wa kwanza kliniki nilimwambia mama mmoja mwenye unene uliopitiliza kwamba madini ya chuma anayo ya kutosha. Majibu ya maabara yalionyesha feritini, yaani protini inayohifadhi chuma mwilini, 48, nami nilikuwa nimekariri kipimo kimoja tu: chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu. Miezi miwili baadaye alirudi akihema kwa kupanda ngazi chache, na barafu alikuwa akiitafuna kutwa, dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Dada aliyekuwa akinisimamia akaangalia ile karatasi, akaniuliza, "CRP yake iko wapi?" Hicho ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili uko katika hali ya kupambana. Sikuwa nimekiomba.

Ninyi mnaoanza kazi ya lishe, shikeni swali hilo. Mafuta yaliyojaa mwilini hayakai kimya; yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya kupambana (inflamesheni) muda wote, hata pasipo homa. Ini likizipokea kemikali hizo hutoa homoni ya hepsidini, nayo huuzuia utumbo kupitisha chuma kwenda kwenye damu na kukifungia kile kilichokwisha hifadhiwa. Ghala lina chuma, lakini uboho unaotengeneza damu haukipati. Na feritini yenyewe hupanda mwili ukiwa katika hali hiyo, kwa hiyo namba inapendeza wakati mgonjwa anaumia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unatumia 70, si 15, kwa mtu mzima mwenye maambukizi au inflamesheni. Yule mama, kwa 48 yake, alikuwa na upungufu mbele ya macho yangu.

Basi feritini iombwe pamoja na CRP, na kama maabara inaweza, kiwango cha ujazo wa transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu; chini ya asilimia 20 kinatosha kukushtua. Ukishauri vidonge vya chuma, usikimbilie kurundika dozi. Dozi moja hupandisha hepsidini kwa takriban siku nzima, kwa hiyo kumeza siku moja na kuruka moja mara nyingi humfaa mgonjwa zaidi, na tumbo linampa nafuu.

Zinki, madini mengine, nayo ina mtego wa namna hiyo. Hushuka kwenye damu kwa sababu ya inflamesheni, na hushuka pia baada ya kula, hivyo damu itolewe asubuhi kabla mgonjwa hajala. Ni kweli kongosho huhifadhi insulini ikiwa imefungamana na zinki, na hapo ndipo wauza vidonge hupata maneno ya kudai zinki inatibu kisukari. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku bila usimamizi: zinki nyingi huzuia shaba kufyonzwa, na shaba ikipungua huja upungufu wa damu usiosikia chuma, pamoja na ganzi ya miguu. Madini ya seleniamu vilevile yasizidishwe. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, waliopewa mikrogramu 200 kila siku walipata kisukari kwa wingi kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Siku hizi namwomba kila mgonjwa aje na makopo yote ya virutubisho aliyonayo nyumbani. Tunayapanga mezani, tunasoma lebo pamoja, tunajumlisha zinki kopo kwa kopo. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo namwekea tarehe ya kupima tena kabla hajatoka mlangoni, kwa maana chuma, zinki na shaba hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ambayo kwa baadhi ya upasuaji chakula hakipiti tena.